Kikundi cha waandishi kimeniumiza. Nirudi, au niandike peke yangu?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, nina mume na watoto wawili. Naandika hadithi tangu nikiwa kidato cha pili. Madaftari yangu yamejaa begi zima juu ya kabati, na sasa nina muswada wa riwaya uliofika sura ya tisa.

Kwa miaka mingi niliandika bila mtu kujua. Kisha mwalimu mwenzangu akanipeleka kwenye kikundi cha watu wanaoandika. Tunakutana Jumamosi alasiri katika darasa la shule moja huku Ngamiani, watu saba au wanane hivi. Yupo mzee mmoja mstaafu ambaye ni mshairi, yupo kijana wa bodaboda anayeandika hadithi za kutisha, yupo dada mmoja fundi cherehani, wapo wanafunzi wawili wa chuo, na wengine wanakuja na kupotea. Hakuna ada. Tunachangia chai na hela ya kutoa kopi.

Mwanzoni nilikuwa msikilizaji tu. Nilipopata ujasiri nikapeleka sura yangu ya tatu, ile ninayoipenda kuliko zote. Mwanaidi, mke wa mvuvi, anafuatwa nyumbani asubuhi kuambiwa kwamba mashua imerudi Deep Sea, pale wavuvi wa hapa Tanga wanapofikia, bila mumewe. Mama, niliiandika sura ile huku machozi yananitoka. Nilipomaliza kuisoma, yule mzee akavua miwani, akasema mbele ya wote: "Mwalimu, huyu Mwanaidi wako amelia mara tano katika ukurasa mmoja, na mimi sijalia hata mara moja. Na huyo mumewe ni mvuvi gani, mbona hanuki samaki?" Watu wakacheka. Kijana wa bodaboda akasema sura ni nzuri ila ni ndefu. Fundi akauliza Mwanaidi alipoanguka chini mtoto alikuwa kwa nani, maana mwanzoni nilisema amempakata. Mwanafunzi mmoja akasema ameipenda sana, huyo ndiye pekee aliyenitia moyo. Nikakunja karatasi zangu, nikaaga kwamba nawahi kupika.

Sijarudi tena. Kilichozidi kuniumiza ni kusikia kwamba yule mwanafunzi wa pili sasa anaandika hadithi ya mjane wa mvuvi. Mume wangu hanikatazi kitu, lakini ananiambia kuandika ni kazi ya mtu na kalamu yake, hao wenzako mnakaa kupiga soga tu. Nami naona kama ana haki. Nina kundi la WhatsApp la wapenzi wa hadithi, nikituma kipande huko hongera na makofi yanamiminika, hakuna anayenidhalilisha.

Nakuomba unishauri, Mama. Nirudi kule? Hivi kweli mwandishi anahitaji watu wa kukaa nao, au wakubwa wetu waliandika peke yao na kazi zao zikasimama? Na nikirudi, nitailindaje kazi yangu isichukuliwe?

Mwanao,
Mwalimu, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Rudi. Nimetanguliza jibu ili usisome barua hii roho ikiwa juu. Sababu zangu nitakueleza, na naomba uzisome taratibu, kwa kuwa nadhani kuna jambo umepewa siku ile na hukuliona kwa sababu ya yale maumivu.

Umempa yule mzee nafasi kubwa kwenye barua yako. Makofi ya WhatsApp nayo umeyapa nafasi. Fundi cherehani umempitia kwa sentensi moja, kana kwamba alichosema ni udadisi mdogo wa msikilizaji. Mimi nilipofika hapo nikasimama. Mtoto alikuwa kwa nani? Mwanangu, mtu anayeuliza swali hilo amekusikiliza tangu neno la kwanza. Wewe ulimweka mtoto mikononi mwa Mwanaidi mwanzoni mwa sura, kisha ukamsahau, ukaendelea na kilio. Fundi hakumsahau. Alibaki na mtoto yule kichwani ukurasa wote, na Mwanaidi alipoanguka, yeye akashtuka kwa ajili ya mtoto.

Sasa iangalie sura yako kwa jicho hilo. Mwanaidi amempakata mwanawe. Watu wanaingia uani. Kabla hawajasema neno, jirani mmoja ananyoosha mikono na kumwambia, "Hebu nipe huyo mtoto." Mwanamke yeyote wa pwani anajua maana ya mikono ile. Habari imeshafika, na hakuna aliyefungua mdomo. Ukiandika hivyo, vile vilio vitano havina tena kazi ya kufanya, na neno la mzee litakuwa limejibiwa pia, maana yeye na fundi walikuwa wanagusa tatizo moja. Ulieleza huzuni mno, ukaacha kuionyesha. Mzee aliliona akalisema kwa ukali. Fundi aliliona akaliuliza kwa upole, na swali lake lilikuwa na dawa ndani yake.

Makofi ya simu hayawezi kukupa hilo. Siyabezi hata kidogo, kwa kuwa wapo waandishi wengi waliokata tamaa kwa kukosa hata mtu mmoja wa kuwaambia hongera. Ila mtu anayetuma makofi hajalazimika kukaa nawe saa nzima akisikiliza sauti yako inapokwama, inapokimbia na inapochoka. Kiswahili chetu ni lugha ya masikio. Ukisoma kwa sauti mbele ya watu unasikia mwenyewe sentensi inayovuta miguu, na unawaona wanapotazama dirishani. Darasa la Ngamiani lina kitu hicho. Lina pia watu wanaoijua Deep Sea, wanaojua asubuhi ile mashua zinarudi saa ngapi, nani anasimama ufukweni na ndoo, dalali anapigaje kelele. Mhariri wa mbali, hata awe hodari vipi, hataweza kukuambia kwamba mvuvi wako hanuki samaki. Mtu wa Tanga anaweza.

Umeuliza kama wakubwa waliandika peke yao. Nianze na wa hapo hapo kwenu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akawa mtumishi wa serikali maisha yake mengi. Ukimsoma leo unaweza kudhani ni mtu aliyejifungia chumbani na busara zake. Lakini zipo barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia mwaka 1931 hadi 1958. Zimekusanywa na kuchapishwa kitabu. Fikiria muda huo wote, mtu mmoja kuwa na mwenziwe wa kumweleza yanayomsibu nyumbani, kazini na katika uandishi wake, na kujua kwamba atasomwa. Mashairi yake nayo yalitoka katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na gazeti lile lilikuwa baraza la washairi wa Tanganyika nzima. Aliyetoa swali kwa shairi alijibiwa kwa shairi na mtu wa mji mwingine katika toleo jingine. Walipingana na kusahihishana, na aliyekosea mizani, yaani hesabu ya silabi, aliambiwa mbele ya wasomaji wote.

Ndani ya baraza hilo alikuwamo Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mtu ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alikuja kuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na ndiye aliyezieneza ngonjera zile ambazo nina hakika unawafundisha watoto darasani kwako. Kaluta Amri Abedi naye mwaka 1954 alitoa kitabu cha kueleza sheria za kutunga mashairi. Mtu haandiki kitabu cha namna hiyo kwa ajili ya nafsi yake. Anakiandika kwa sababu wapo wenzake wanaojifunza, na anataka wajifunze vizuri.

Kisha yupo Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki mwaka 1840 na hakuacha kitabu. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu wa mji wake, wakiyasoma barazani na kurithishana, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Diwani ilichapishwa mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuondoka duniani. Kila nikifikiria jambo hilo nawashukuru majirani zake Muyaka. Kama asingekuwa na watu waliomsikiliza, wakampenda na wakabishana naye, tusingekuwa na hata ubeti mmoja wake leo.

Kwa kuwa wewe ni mwanamke mwenye mume, watoto na kazi ya kuajiriwa, nakupa na mfano wa karibu zaidi na hali yako. Kampala kuna FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1995, na Mary Karooro Okurut akiwa mstari wa mbele. Walikuwa wanawake walioandika kimya kimya na kuweka kabatini, kama wewe na begi lako. Waliamua kuchapishana wao kwa wao, na wakaweka siku ya kukutana, Jumatatu jioni, ambapo mtu analeta alichoandika, kinasomwa na kujadiliwa. Miongoni mwa waliopita katika mikono ile ni Monica Arac de Nyeko, ambaye mwaka 2007 alikuwa Mganda wa kwanza kupata Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika. Sisemi kwamba ukirudi Ngamiani utapata tuzo. Nasema kwamba Jumatatu ile isiyobadilika ilikuwa na kazi kubwa. Mtu mwenye mtoto mgonjwa, madaftari ya kusahihisha na wageni sebuleni haandiki kwa sababu amepata nafasi, maana nafasi haiji. Anaandika kwa sababu Jumatatu inakuja na kuna watu watakaomwuliza, "Ile sura umeifikisha wapi?"

Tuje kwa mzee. Alikosea kukusema vile, na waliocheka walikosea zaidi. Lakini ni mshairi, na nadhani hapo ndipo penye chanzo. Watu wa rika lake walilelewa katika ushairi wa kusahihishana waziwazi: kipande kikipungua mizani kikafika saba badala ya nane unaambiwa hapo hapo, na hakuna anayeona ni matusi. Wewe umemletea nathari, tena jeraha lako mwenyewe, naye akaipima kwa mkono uleule. Usimkwepe. Mfuate kabla kikao hakijaanza, umwamkie vizuri, umwambie: "Mzee, maneno yako nimeyafanyia kazi, lakini yaliniuma. Nakuomba ukiona kosa unionyeshe mstari wenyewe." Wazee wengi wa namna hiyo wakiambiwa kwa heshima hugeuka kuwa wasomaji wako bora. Na mwenyewe umekiri kwamba alihesabu vile vilio. Mtu asiyejali kazi yako hahesabu.

Hata hivyo si haki kikundi kikategemea upole wa mtu mmoja mmoja. Kwa ulivyonieleza, mwandishi anasoma, akimaliza kila mtu anarusha lake. Hapo aliye mkali ndiye atakayekumbukwa. Pendekeza kwa wenzako utaratibu, nao hauna gharama. Kurasa zisizidi tano au sita, na zigawiwe siku kadhaa kabla ya Jumamosi ili watu waje wamesoma. Kikaoni asome mtu mwingine, mwandishi akae kimya afuatilie kwa kalamu, maana msomaji mgeni akijikwaa kwenye sentensi utajua palipo na kisiki. Akimaliza, watu waanze kwa kueleza walichokiona na kukisikia katika kazi ile, kabla ya mtu yeyote kusema kizuri au kibaya. Utashangaa mara ngapi walichokiona sicho ulichodhani umeandika. Ndipo waseme walipopotea, walipochoka na walipotaka zaidi. Mwandishi ajibu mwishoni tu, tena kwa kuuliza, siyo kwa kujitetea. Uenyekiti uzunguke, siku moja fundi, siku nyingine kijana wa bodaboda. Na yanayosemwa darasani yabaki darasani. Hilo la mwisho ulishikilie sana, kwa sababu mtu hataleta kilicho moyoni mwake akijua Jumatatu kitakuwa gumzo sokoni.

Na wewe unadaiwa kitu. Umekuwa nao muda wote huo, na barua yako inanieleza kijana wa bodaboda anaandika nini, mzee anatunga nini, lakini dada fundi hukusema anaandika nini. Huenda hujawahi kumsikia akisoma, au alisoma siku uliyokuwa ukifikiria sura yako. Mpe Jumamosi moja masikio yale aliyokupa. Siku usiyo na kurasa za kupeleka ndiyo siku hasa ya kwenda, maana kikundi ambacho watu huja wakiwa na chao tu hakimalizi mwaka. Tena kusahihisha kazi ya mwenzako kutakufundisha haraka kuliko kusahihisha yako, kwa sababu ya mwenzako hujaipenda bado.

Kuhusu kuibiwa, nakuelewa, na hofu hiyo siidharau. Sheria yetu, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inakulinda tangu ulipoandika: maneno yako, mpangilio wako, wahusika ulivyowajenga. Wazo lenyewe halina mwenyewe. Wajane wa wavuvi wamekuwapo tangu kuwepo bahari, na mwanafunzi akiandika juu yao hajakuibia. Akichukua kurasa zako au sentensi zako, hapo amekuibia, na kikundi kizima ni shahidi wako kwamba ulizisoma lini. Ungeandika peke yako usingekuwa na shahidi hata mmoja. Weka tarehe kwenye kila nakala unayogawa, jitumie faili kwa barua pepe kila umalizapo sura, na muswada ukikamilika uusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ili uwe na karatasi ya kushika. Halafu mwombe huyo mwanafunzi akusomee hadithi yake. Habari ulizosikia ni za kuambiwa. Kuna uwezekano mkubwa utakuta mjane mwingine kabisa.

Mume wako hanitishi, maana hakukatazi. Anaona saa tatu za Jumamosi zinakwenda na haoni kinachorudi nyumbani. Msomee sura ya tatu baada ya kuiandika upya, kisha umwambie swali la fundi ndilo lililoibadilisha. Atajua kama ni soga. Na mkubaliane muda wa kurudi, kabla ya Magharibi kwa mfano, ili asibaki na watoto wenye njaa huku wewe bado una vina vya mzee masikioni.

Lipo jambo moja ambalo likitokea nitakuambia uondoke, tena bila kuaga sana. Ukiona kazi za watu wote zinaanza kufanana na za mtu mmoja, kila mtu akiandika ili ampendeze mzee au mwingine yeyote, hapo kikundi kimeshakufa hata kama chai bado inachemka. Vivyo hivyo ukiona michango ya fedha inaongezeka na kurasa zinapungua. Kwa uliyonieleza sioni dalili hizo. Naona watu wenye shughuli zao wanaotoa alasiri yao kusikiliza kazi za wengine, na hao ni adimu mno kuwaacha kwa siku moja mbaya.

Wape muda wa kutosha, tuseme mpaka muswada wako ufike mwisho. Ukimaliza, usikimbilie mashindano kabla hawajausoma wote kwa mfululizo, mwanzo hadi mwisho. Sasa tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, na riwaya ni mojawapo ya nyanja zake. Waamuzi hawatakuwa na muda wa kukuuliza mtoto yuko kwa nani.

Na ikiwa utarudi, ukajaribu kwa moyo mweupe, na ikashindikana, basi anzisha chako. Watu watatu wanatosha. Tafuta darasa tupu au kona ya maktaba, chagua siku na saa, na msiahirishe hata mkiwa wawili. Mmoja unaye tayari: yule mwalimu mwenzako aliyekupeleka Ngamiani. Mwulize kesho wakati wa chai kwa nini naye hajakuuliza mbona siku hizi huonekani.

Mama yako